Napanda kutoka tarumbeta ya kuanzia: ninunue mpya ya daraja la kati au ya kitaalamu iliyotumika?

pumzi_ndefu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye tarumbeta. Nilianzia Yamaha YTR-2330 iliyokwisha tumika, na ndiyo ninayo hadi leo. Siku hizi naona imenifikisha mwisho. Noti za juu zinabana, D ya chini inanikimbia kila nikiitafuta, na nikitaka kupuliza kwa sauti ndogo noti inachelewa kutoka. Anayenifundisha ameniambia muda wa kupanda daraja umefika.

Akiba ninayo, ila si ya kuchezea. Nikisoma maelezo ya wauzaji nazidi kuchanganyikiwa: beli (ule mdomo mpana wa mbele) ya brasi ya dhahabu, bomba lililogeuzwa, pistoni (vile vibonyezo vitatu) za moneli, imepakwa fedha. Kila moja inatajwa kama ndiyo siri yenyewe. Kipi hapo ni cha kulipia na kipi ni pambo? Sitaki kununua mara mbili.

fundi_mirija

Karibu mkuu. Mimi natengeneza ala za kupuliza na napiga tarumbeta pia. Nitaandika kirefu, maana swali hili watu wengi huniletea wakiwa wameshanunua.

Kwanza, hiyo 2330 yako ilioshwa ndani lini mara ya mwisho? Nauliza kwa nia njema kabisa. Lile bomba la kwanza, linalopokea mausipisi (kipande unachowekea mdomo), mwanzoni ni jembamba, kipenyo chake hakifiki sentimita moja. Utando wa mate ukiganda humo njia ya hewa inabadilika umbo, na dalili zake ndizo hizo ulizotaja: kubana juu, kuchelewa kutoka kwenye sauti ndogo. Halafu kuna viduara vya kitambaa kizito chini ya kofia za pistoni. Hivyo ndivyo vinavyoamua pistoni isimame wapi ikiwa juu na ikiwa chini. Vikichakaa, matundu ya pistoni hayakutani sawasawa na mirija, na hewa inagonga ukingo. Nimeona watu wakisema tarumbeta imewachosha, kumbe iliyochoka ni vitambaa. Ioshe kwa maji ya vuguvugu (ya moto yanabandua vanishi), pitisha brashi ndefu kwenye mirija yote, badilisha vitambaa, kisha tupe majibu. Usinunue chochote kabla ya hapo.

Sasa swali lako. Chukua Yamaha tatu za madaraja matatu: YTR-2330 ya kuanzia, YTR-4335GII ya kati, na YTR-8335 Xeno ya kitaalamu. Kipenyo cha mrija zote tatu ni milimita 11.65. Upana wa beli zote ni milimita 123. Pistoni za zote tatu ni za moneli, yaani aloi ya nikeli na shaba isiyopata kutu kirahisi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia unapanda daraja kwa sababu ya moneli, hiyo moneli unayo mkononi tayari. Tofauti inaanzia kwingine. Beli ya Xeno imefuliwa kutoka bamba moja, ya 2330 na ya 4335 imeunganishwa vipande viwili. Ya 4335 ni ya brasi ya dhahabu, yenye shaba nyingi zaidi. Tofauti nyingine ni muda wa mikono ya watu: namna mirija ilivyounganishwa bila kulazimishwa, na umbo la bomba la kwanza.

Hapo ndipo penye shida ya neno "daraja la kati". Halina kipimo. Kampuni moja inaliandika kwenye tarumbeta iliyotengenezwa kwa uangalifu, nyingine inachukua tarumbeta yake ya kuanzia, inaipaka fedha, inaongeza kifuniko cha pistoni chenye urembo na kuipandisha bei. Viwanda vingine hutengeneza tarumbeta moja na kuigongea majina tofauti kadiri ya wanunuzi. Jina linabadilika, mirija ni ileile.

Hilo limenipata mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinunua tarumbeta mpya iliyotangazwa kuwa ya kati, inang'aa, ina kila sifa uliyoitaja. Mwezi wa tano pistoni ya pili ikaanza kukwama ikirudi juu. Nikasafisha, nikabadilisha mafuta, nikabadilisha springi. Hali ileile. Nilipoifungua vizuri nikakuta silinda, yaani nyumba ya pistoni, haikuwa duara kamili tangu kiwandani. Ugonjwa huo hauna dawa ya bei nafuu. Nilipata uchungu sana, kwa sababu ile fedha niliikusanya kidogo kidogo kama wewe.

Tangu hapo natazama kwa mpangilio huu na siuvunji: pistoni, kisha kuvuja, kisha noti zinakaa wapi, kisha inaitika vipi kwa sauti ndogo. Aina ya brasi na rangi ya nje naziacha mwisho kabisa. Na kwa mtu wa mwaka wa nne aliye na uvumilivu wa kutafuta, jibu langu ni tarumbeta ya kitaalamu iliyotumika yenye pistoni nzima. Daraja la kati unaweza kuliruka.

beli_njano

Naheshimu fundi, ila hapa sikubaliani naye kwa mambo mawili.

La kwanza, iliyotumika ni rahisi kuipendekeza ukiwa fundi. Mtu asiye na fundi karibu akipata yenye pistoni zilizoisha atabaki nayo ndani. Mpya ina dhamana, vipuri vipo, na kama ni ya kampuni inayoeleweka unajua unachopata. Mimi nilinunua 4335 mpya na nimepiga nayo miaka sita bila kujuta hata siku moja.

La pili, brasi ina maana. Brasi ya njano ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Ya dhahabu ni 85 kwa 15. Mimi nasikia tofauti, ya dhahabu ina ujoto, haipasuki haraka nikipuliza kwa nguvu.

fundi_mirija

La kwanza nakubali, na nitarekebisha nilichosema: kama huna fundi unayemwamini, chukua mpya kutoka kampuni yenye vipuri na dhamana. 4335 ni chaguo la heshima.

La pili, sibishi kwamba unasikia. Wewe upo nyuma ya beli na mtetemo unaupata mkononi na mdomoni. Swali ni anayesikiliza mbele. Chukua tarumbeta mbili za brasi tofauti, mtu mmoja azipige, wewe geuka ukutani, useme ipi ni ipi mara kumi. Nimelifanya jaribio hilo na wapigaji wazuri na wengi wanakosea. Umbo la mrija kutoka mausipisi hadi beli ndilo linaloongoza sauti, brasi inafuata kwa mbali. Ukiipenda ya dhahabu ichukue, ila isiwe sababu ya kukubali pistoni mbovu.

Fedha nayo ina faida moja ya kweli: watu wenye jasho kali hula vanishi mahali pa kushika, na fedha inavumilia zaidi. Inageuka nyeusi, unaifuta, yameisha. Kwenye vanishi usitumie kabisa dawa ya kung'arisha chuma, utaibandua.

Kuhusu bomba lililogeuzwa: mguu wa juu wa slaidi kubwa (slaidi ni kipande cha mrija kinachovutwa nje na kurudi) unavaa nje ya bomba badala ya kuingia ndani yake, kwa hiyo hewa haikutani na ngazi mapema. Wengine wanahisi njia imefunguka, wengine wanahisi noti hazikai imara. Ijaribu mdomoni, usiinunue kwa kusoma.

mama_wa_bendi

Nafundisha vijana kupuliza, naomba niongezee kwenye noti maana hapo ndipo mleta mada alipoanza kulia.

Mwanangu, D ya chini kukukimbia haimaanishi tarumbeta ni mbovu. Tarumbeta zote zina tabia hiyo. Urefu wa slaidi ya tatu umepigiwa hesabu ikiwa inatumika peke yake. Ukibonyeza pistoni ya kwanza pia, mrija mzima umeshakuwa mrefu, kwa hiyo slaidi ya tatu ilitakiwa iongezeke kidogo, nayo haiongezeki yenyewe. Matokeo: D ya chini, pistoni 1 na 3, inapanda. C shapu, zote tatu, inapanda zaidi. Ndiyo maana kuna pete kwenye slaidi ya tatu, uisukume nje kwa kidole ukipiga noti hizo. Jiulize: wewe unaisukuma? Na slaidi yenyewe inateleza, au imeganda?

Tarumbeta utakayonunua, slaidi ya tatu iende na kurudi kwa kidole kimoja ukiwa unapiga. Hili silifanyii mjadala. Slaidi ya kwanza iwe na kishikio au mkono wa kusukumia kwa kidole gumba, itakusaidia sana kwenye noti zinazotumia pistoni ya kwanza.

Juu nako kuna noti zinazoshuka kwa asili, kila tarumbeta. E ya nafasi ya juu kwenye mistari, bila kubonyeza kitu, ni hamoniki ya 5, yaani ya tano katika noti ambazo mrija uleule hutoa wenyewe, na hamoniki hiyo kimaumbile iko chini kwa takriban senti 14 ukilinganisha na piano (senti 100 ni nusu toni). E flati na D zilizo chini yake zinabeba tabia hiyohiyo. Tarumbeta nzuri hupunguza shida, haiondoi. Kwa hiyo ukienda kujaribu, washa programu ya kupima noti kwenye simu, lakini usiitazame wakati unapiga! Ukiitazama utairekebisha noti kwa mdomo bila kujijua. Piga ukiwa umefumba macho, mwenzako ndiye aandike mshale umesimama wapi. E, D na G ya juu ya mistari ndizo za kuandika.

Mambo mengine mawili. Nenda na mausipisi yako uliyoizoea. Ukijaribu tarumbeta mpya na mausipisi mpya siku moja, hutajua kipi kimekufurahisha. Na ukifika usianze na noti za juu kwa nguvu kama wafanyavyo vijana wangu. Tarumbeta yoyote inasikika vizuri kwa dakika mbili mtu akiwa na hamasa. Anza na G ya mstari wa pili, sauti ndogo kabisa, uone noti inazaliwa lini. Ikitoka bila kulazimishwa, endelea. Piga angalau nusu saa, pumzika, rudi tena.

pumzi_ndefu (mleta mada)

Mama, asante sana. Nimeona aibu kidogo, slaidi ya tatu ilikuwa imeganda na mimi nilikuwa naisahihisha D kwa mdomo.

Fundi, nimeiosha. Kilichotoka kwenye bomba la kwanza sitakielezea. Sauti ndogo imerudi, kweli kabisa, noti inatoka papo hapo. Juu bado kunabana kidogo nikipiga muda mrefu, na sauti ikikua inapasuka mapema. Kwa hiyo nadhani sehemu ilikuwa uchafu na sehemu ni kweli nimeizidi tarumbeta hii.

Nimepata za kutazama zilizotumika: Bach Stradivarius 180S37, Getzen Eterna 900, na Olds Ambassador ya zamani ambayo mwenye nayo anaisifia sana. Nizikague vipi?

fundi_mirija

Zote tatu ni majina ya kweli, lakini haziko kundi moja.

Bach 37 ndiyo tarumbeta ambayo wengine wengi wameiiga. Mrija wake wa kipimo cha kati-kubwa ni milimita 11.66, yaani hauna tofauti na ulichozoea. Ipo pia yenye mrija wa 11.73, inadai hewa zaidi. Kwa hatua yako baki na ya 11.66. Jambo moja: Bach hutofautiana moja na nyingine, hata zenye namba ileile. Usinunue Bach kwa sifa za Bach aliyoijaribu mtu mwingine.

Getzen wako Elkhorn, Wisconsin, tangu 1939, na wanasifika kwa pistoni. Eterna 900 iliyotunzwa ni thamani kubwa, hasa kwa sababu jina lake halivuti bei kama la Bach.

Olds Ambassador ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ila kwa ubora ambao leo ungeuzwa kama daraja la kati. Naipenda sana. Lakini kampuni ilifunga 1979. Ikikosa kipuri utategemea kukichonga au kukitoa kwenye maiti ya nyingine. Kama pistoni ni nzima, ni ununuzi mzuri. Kama zimechoka, iache hata kwa bei ya zawadi.

Sasa ukaguzi. Toa pistoni zote tatu, zifute mafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, futa na ndani ya silinda, kisha weka mafuta yako mepesi. Usiruke hatua hii. Muuzaji mjanja huweka mafuta mazito, na mafuta mazito yanaziba nafasi kati ya pistoni iliyoisha na silinda. Ukiyafuta ukweli unajitokeza. Angalia namba 1, 2, 3 zilizochongwa kwenye pistoni, na kila moja irudi kwenye silinda yake.

Bila kubonyeza kitu, vuta slaidi ya pili itoke haraka. Unatakiwa kusikia mlio kama wa kizibo cha chupa. Kwa ya tatu, ivute sehemu tu, subiri sekunde tano, kisha bonyeza pistoni yake: usikie hewa ikiingia kwa kishindo kidogo. Kimya maana yake hewa imekwisha kuingia kwa kuvuja. Hapo chunguza kama inavuja kwenye pistoni au slaidi yenyewe imelegea, kwa sababu slaidi iliyolegea inatengenezeka, silinda iliyoisha ni kazi kubwa mno.

Bonyeza kila pistoni pole pole ukiielekeza pembeni kidogo, si katikati. Ikikwaruza hapo, itakwama ukiwa kwenye wimbo wa kasi. Pitisha kidole nje ya silinda kutafuta mbonyeo. Mbonyeo kwenye beli ni sura tu, wa kwenye silinda ni ugonjwa, na wa kwenye bomba la kwanza unaharibu sauti.

Bomba la kwanza litazame kwenye mwanga. Ukiona madoa ya waridi yenye nukta nyeusi katikati, zinki inaondoka kwenye brasi kutoka ndani. Bomba linabadilishika, ila gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji. Vuta slaidi zote, fungua kofia zote za chini. Kilichoganda leo kwake kitakuwa kimeganda kesho kwako.

beli_njano

Ongeza kizibo kidogo cha kutolea mate, kile cha mpira au cha koki (gome laini la mti). Kikivuja tarumbeta nzima inaitika vibaya na watu wanalaumu pistoni. Kubadilisha ni dakika chache.

pumzi_ndefu (mleta mada)

Nimerudi, wakuu. Siku mbili nimezunguka na mausipisi yangu mfukoni.

Olds nimeiacha kwa huzuni. Sauti yake nzuri kuliko nilivyotarajia, nene, inajaza chumba. Lakini nilipofuta yale mafuta, slaidi ya pili ikatoka kimya, na ya tatu nayo kimya. Mwenye nayo alishangaa kuliko mimi, sidhani alikuwa anajua.

Bach ilikuwa na fedha safi, pistoni safi, mlio wa kizibo upo. Nikaipiga nusu saa. E ya juu ilishuka kuliko ya 2330 yangu, rafiki yangu aliandika mara nne na mara zote nne imeshuka. Sauti kubwa ilikuwa ya kupendeza sana, ila kwa sauti ndogo nilikuwa namsukuma mtu aliyelala. Mama alisema nianze na G ndogo, na kweli G ndogo ndiyo iliyoniambia.

Getzen ina vanishi iliyobanduka pale mkono wa kushoto unaposhika, na mbonyeo mdogo kwenye beli. Ukiiona hutaiangalia mara ya pili. Pistoni zinateleza hata nikizisukuma pembeni. Slaidi ya tatu inakwenda kwa kidole. G ndogo inatoka kabla sijaijua. Nilivyofika dakika ya ishirini nikagundua nimeacha kujaribu, napiga tu.

Nimeichukua, na chenji ya akiba imebaki. Mbonyeo wa beli nitauacha?

mama_wa_bendi

Hongera mwanangu! Uache. Hiyo chenji lipia masomo.

fundi_mirija

Hongera mkuu. Uache kama bamba halijakunjika hadi kuwa na mstari mkali, maana mstari huo huweza kuja kupasuka. Kama ni mviringo laini, hausikiki.

Badilisha tu vitambaa vya pistoni na kizibo cha mate, hata kama vinaonekana bado vizuri. Mausipisi usiibadilishe kwa miezi mitatu ya mwanzo, mdomo uijue tarumbeta kwanza. Na 2330 usiiuze upesi, ibaki ya mazoezi na ya siku za mvua. Ila usiifungie tu kwenye kasha: ipe mafuta ya pistoni kila baada ya wiki chache na uzivute slaidi zake, hasa ile ya tatu.